Nani Aliyepiga, Nani Aliyesafisha?

Lugha yetu ina vitenzi viwili kwa picha moja: picha hupigwa, kisha husafishwa. Anayepiga ni mmoja, na mara nyingi anayesafisha ni mwingine. Kwa miaka mingi hatukuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Ulikuwa ukipeleka mkanda wako studio, unapewa kikaratasi chenye namba, unaambiwa urudi Alhamisi. Alhamisi ikifika unachukua bahasha, unatazama, unacheka, unalalamika kwamba shangazi kafumba macho na kwamba picha mbili za mwisho zimeungua. Hakuna aliyeuliza jina la kijana aliyeshinda kutwa katika chumba cha giza, mikono ikinuka dawa. Picha zilikuwa zako, basi.

Katika makala haya ninataka kumtetea huyo kijana, na papo hapo kumbana. Ninadai kwamba mkanda unapokutwa ndani ya kamera kuukuu, na aliyeupiga kafa zamani, anayeusafisha si fundi tu. Yeye ni msomaji wa kwanza, na asipojiangalia anakuwa mwandishi wa pili bila kutuambia. Najua wapo watakaouliza: kwani hili si jarida la fasihi? Picha zimeingiaje? Nawaomba subira, ndugu wasomaji. Kuna madaftari manne yanayotusubiri mezani, na nitayafikia.

Tuanze na ufundi, kwa sababu wahakiki wengi wa picha hupenda kurukia maana kabla ya kujua kitu chenyewe kimetengenezwaje. Mkanda ni utando uliopakwa gelatini, na ndani ya gelatini hiyo mna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga ukiingia kwa kufumba na kufumbua, chembe zilizoguswa hubadilika kidogo mno, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Picha imo, lakini haionekani. Dawa ya kwanza ndiyo inayozigeuza chembe zile ziwe fedha nyeusi. Dawa ya pili inaziondoa zile ambazo hazikuguswa, zisije zikageuka nazo baadaye. Kwa hiyo waliosema "kusafisha" hawakukosea hata kidogo: picha ni kile kinachobaki baada ya vingine kuoshwa.

Sasa mkanda ukikaa miaka thelathini, hamsini, mia, mambo mawili hutokea. Alama za mwanga hufifia. Wakati huohuo chembe ambazo hazikuguswa huanza kuharibika zenyewe, kwa joto, kwa unyevu, kwa umri tu. Ukungu unapanda, picha inashuka. Anayesafisha lazima achague. Akiuacha mkanda ndani ya dawa muda mrefu, atapata picha zaidi na ukungu zaidi. Akiutoa mapema, ukungu utapungua, na pengine uso wa mtu utapotea pamoja nao. Maelekezo ya kiwandani hayamsaidii tena, maana yaliandikwa kwa mkanda mpya. Basi anakata kipande, anajaribu, anakisia. Hebu niambieni, hiyo si kazi ya mhakiki? Kukisia ukae na kazi kwa muda gani, ukijua kwamba ukiikalia mno utaanza kuona mambo ambayo hayamo?

Mfano wangu wa kwanza unatoka Uswidi. Tarehe 11 Julai 1897 watu watatu walipanda puto lililoitwa Örnen, yaani Tai, katika kisiwa cha Danskøya huko Svalbard, wakitaka kupita juu ya Ncha ya Kaskazini. Kiongozi alikuwa mhandisi Salomon August Andrée. Wenzake walikuwa Knut Frænkel na Nils Strindberg. Huyu Strindberg alikuwa kijana wa miaka 24, mtu wa fizikia na mpiga picha wa msafara, na baba yake alikuwa binamu wa mwandishi August Strindberg. Tarehe 14 Julai puto likatua juu ya barafu ya bahari, lisiinuke tena. Watatu wale wakashika safari ya miguu juu ya barafu inayosogea, wakiburuta mizigo yao kwenye sleji, hadi mapema mwezi wa Oktoba walipofika kisiwa cha Kvitøya. Huko ndiko walikofia. Dunia haikujua kitu mpaka Agosti 1930, meli ya Norwei iitwayo Bratvaag, yenye wawindaji wa sili na wanasayansi, ilipoikuta kambi yao. Miongoni mwa vitu vilivyotolewa kisiwani mwaka huo ilikuwamo mikanda ya Strindberg, iliyolala katika barafu na unyevu miaka 33.

Mikanda ile alipewa John Hertzberg wa Chuo cha Ufundi cha Kifalme, Stockholm. Kati ya picha zipatazo 240 ambazo mikanda yote ingeweza kubeba, aliokoa 93. Jina la Strindberg lina vitabu na filamu. La Hertzberg hutajwa kwa mstari mmoja, kama lingetajwa la yule kijana wetu wa studio.

Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya puto lililoanguka. Puto limelala ubavu juu ya barafu, na watu wawili, Andrée na Frænkel, wamesimama wakilitazama. Picha nzima ina mabaka na madoa. Na wengi wanaoisifu husifu hayo madoa. Eti ni kama theluji, eti ni kama kifo chenyewe kimetia sahihi. Mimi nakataa. Madoa ni kazi ya maji. Kumsifu Strindberg kwa madoa ni kama kuusifu utenzi wa kale kwa sababu mchwa wamekula pembezoni mwa karatasi.

Nguvu ya picha iko kwingine. Fikirini: chombo kimeanguka, ndoto imekwisha, baridi inakata mifupa, na kijana anachukua kamera, anarudi nyuma, anazidi kurudi nyuma, mpaka puto zima linaingia na wenzake wanakuwa wadogo. Hakumkaribia mtu kutafuta huzuni usoni. Kamera ile iliandaliwa kwa ajili ya kupima nchi kutoka angani, naye akaitumia kwa nidhamu ileile ya mpimaji, akapima kushindwa kwao wenyewe. Hiyo ndiyo fani yake: umbali. Na umbali huo ungekuwapo hata kama picha ingetoka safi kama ya jana.

Kuna jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Mizigo ilikuwa mizito mno hata ikawabidi waache vitu vingi njiani. Mikanda hawakuiacha. Strindberg ndiye pekee aliyezikwa, katika ufa wa miamba, kwa hiyo inaelekea yeye ndiye aliyetangulia kufa. Mikanda yake ikabaki kisiwani, ikingoja. Mtu anayebeba mikanda isiyosafishwa juu ya barafu kwa zaidi ya miezi miwili amekwisha kutuambia nia yake. Ile ilikuwa barua. Haikuwa na stempu, lakini ilikuwa na anwani: yeyote atakayefika. Hertzberg aliposafisha, alikuwa akifungua barua iliyoandikwa kwake.

Wa pili ndiye anayeanza kutuletea matatizo. Garry Winogrand, Mmarekani, alizaliwa New York mwaka 1928, akafa Machi 1984. Alikuwa mpiga picha wa barabarani: watu wakipita, wakicheka, wakitazamana vibaya, naye yumo katikati yao na kamera yake ndogo. Alipokufa alikutwa ameacha mikanda ipatayo 2,500 ambayo haikusafishwa kabisa. Mikanda mingine ipatayo 6,500 ilikuwa imesafishwa, lakini hata karatasi za kuchungulia hakuwa amezitoa. Chukueni mkanda wa picha 36, pigeni hesabu. Hiyo 2,500 peke yake ni picha 90,000 ambazo aliyezipiga hakuziona.

Lakini angalieni, huyu hakuzuiwa na barafu. Alikuwa na mazoea ya kuiacha mikanda ikae mwaka au zaidi kabla ya kuitazama, ili asahau alivyojisikia siku ile, asije akaipenda picha kwa sababu tu alikuwa na furaha alipoipiga. Huo ni uhakiki wa hali ya juu, jamani. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kuandika shairi usiku na kulifungia mwaka mzima kabla ya kulipeleka kwa mhariri? Sisi tunaandika usiku, asubuhi tuko mlangoni. Kwa Winogrand kusahau kulikuwa sehemu ya kazi, na kuchagua kulikuja baada ya kusahau. Kwa hiyo alichoacha katika mikanda ile ni nusu ya picha. Kupiga kumo, kuchagua hakumo.

Wengine wakachagua kwa niaba yake. John Szarkowski, mkuu wa idara ya picha katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, aliandaa maonyesho makubwa mwaka 1988. Mikanda ikasafishwa, akaipitia, na hakupaka asali: aliona kwamba katika miaka ya mwisho Winogrand alikuwa amepungua. Mwaka 2013 yakaja maonyesho mengine, yaliyoanzia San Francisco na kuongozwa na mpiga picha Leo Rubinfien, yakatoa kwa wingi picha za miaka hiyo na kuzitetea. Mikanda ileile, marehemu yuleyule, hukumu mbili. Nani mkweli?

Mimi naona swali hilo limekosewa. Szarkowski alihukumu mikanda kana kwamba ni kitabu. Rubinfien naye akatoa ndani ya mikanda kitabu ambacho Winogrand hakukiandika. Katika picha 90,000 za mtu yeyote mwenye jicho unaweza kuchagua mia moja zikamfanya shujaa, na mia nyingine zikamfanya mzembe. Wote wawili walikuwa wanaandika. Ninachowapa pongezi ni kwamba waliandika hadharani: waliweka majina yao mbele, na wasomaji tukajua tunagombana na nani.

Wa tatu ni Vivian Maier, na huyu ndiye aliyeninyima usingizi. Alizaliwa New York mwaka 1926, akaishi Chicago miaka mingi akiwa yaya wa watoto wa watu, akafa Aprili 2009. Kila alikokwenda alikuwa na kamera, mara nyingi ni Rolleiflex, ile inayoshikwa kifuani na kutazamwa kwa juu. Alipiga zaidi ya picha 100,000, na karibu hakumwonyesha mtu. Mwaka 2007 vitu vyake vilivyokuwa vimewekwa stoo vikanadiwa kwa kuwa kodi haikulipwa, na mmoja wa walionunua, John Maloof, akaanza kuvipekua. Mlikuwa na negativu, na mlikuwa na mikanda mingi sana iliyopigwa ikaachwa vivyo hivyo. Baada ya kifo chake picha zikasafishwa, zikachapishwa, zikazunguka dunia. Filamu juu yake ikatoka mwaka 2013. Mwaka uliofuata mzozo wa nani mwenye haki ukaingia mikononi mwa wanasheria.

Ninazipenda picha zile, sitajifanya. Zile alizojipiga katika vioo vya maduka, au kivuli chake mwenyewe kikilala chini mbele yake, ni kazi ya mtu aliyejua vizuri anachofanya. Lakini hapa kusafisha kunaacha kuwa kufungua barua. Chicago haikukosa mahali pa kusafishia mkanda. Huenda pesa zilikwisha. Huenda alichoka. Huenda kupiga kulimtosha, kama mtu anayeimba vizuri sana akiwa jikoni na hana habari na redio. Katika picha chache alizochapisha mwenyewe, baadhi alizikata pembeni akabakiza kipande alichokitaka. Zilizochapishwa baada yake kwa kawaida zinaonyesha mraba mzima. Maana yake ni kwamba Vivian Maier tunayemwona ukutani ana jicho la Maier na uchaguzi wa mtu mwingine. Sisemi zingechomwa moto. Nasema ziandikwe majina mawili.

Kwa hiyo tuna ukimya wa aina tatu. Strindberg alizuiwa njiani. Winogrand aliahirisha. Maier alinyamaza. Ukikuta mkanda ndani ya kamera uliyonunua mnadani, swali la kwanza ni hilo: uko mbele ya ukimya wa aina gani? Wahakiki wengi hawaulizi, kwa sababu kitu kilichopotea kina utamu wake. Tazameni habari ya Everest. George Mallory na Andrew Irvine walipotea karibu na kilele Juni 1924, na inaaminika walikuwa na kamera ndogo ya Kodak. Mwili wa Mallory ulikutwa mwaka 1999, bila kamera. Mabaki ya Irvine, mguu ndani ya buti, yalikutwa mwaka 2024, na kamera hakuna. Vitabu vimeandikwa juu ya picha ambayo hakuna aliyeiona, na ambayo pengine haikupigwa. Tumekwisha kuihakiki kabla haijawapo! Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Tunaingia chumba cha giza tukiwa na picha yetu kichwani, na mkanda ukikaa katika dawa vya kutosha, hata ukungu huchukua sura tuitakayo.

Upo pia ukimya wa nne, na huu unatugusa sisi wa Kiswahili kwa karibu. Kodachrome ulikuwa mkanda wa rangi, ulioanza kuuzwa mwaka 1935. Kampuni ya Kodak ilitangaza mwaka 2009 kwamba haitautengeneza tena, na duka la mwisho duniani lililousafisha, katika mji wa Parsons, Kansas, lilipokea mikanda ya mwisho Desemba 2010. Leo ukiukuta mkanda huo ndani ya kamera ya babu unaweza kutoa picha nyeusi na nyeupe, ukibahatika. Asiyejua atasema rangi zimefungiwa ndani zinasubiri mwenye ufunguo. Sivyo. Mkanda ule ulikuwa na tabaka zilizopokea mwanga tu. Rangi zenyewe zililetwa na dawa wakati wa kusafisha. Msafishaji alipoondoka, aliondoka na rangi.

Sasa nani kati yetu asiyeziona hapa hati zetu? Lamu, Pate, Mombasa, Unguja, watu walitunga na kuandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Baadhi ya hati hizo zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizokusanywa na kuorodheshwa na J.W.T. Allen. Nyingine zimo masandukuni, majumbani mwa watu. Katika maandishi yale ya zamani i na e mara nyingi hupata alama moja, u na o vilevile, na herufi ileile inaweza kuwa b, p au mb. Anayejua lahaja ya mahali ndiye anayeleta tofauti. Rangi iko kwa msomaji. Msomaji huyo akifa bila kumwachia mtu ujuzi, hati itabaki palepale na sisi tutaisoma nyeusi na nyeupe. Na kila utenzi wa hati hizo tunaousoma leo kwa herufi za Kilatini umepita mikononi mwa mtu aliyeusafisha. Tunaponukuu tunasema "mshairi kasema," na kumbe zile e na o kaziweka mhariri. Ni mara ngapi tumemtaja, kwa shukrani au kwa lawama?

Haya, madaftari. Wengi mnajua kwamba mwenzetu mmoja, aliyekuwa akitusomea hadithi zake katika vikao vya Jumamosi, alitangulia mbele ya haki mwaka jana. Jina silitaji kwa sababu familia haijaamua. Dada yake alituletea madaftari manne. Ndani mna hadithi sita. Mbili alikwisha kutusomea, na maoni yetu kayaandika pembeni kwa mkono wake, mengine kayakubali, mengine kayapiga mstari. Tatu zina miisho miwili miwili. Ya sita imekamilika, haina hata neno lililokatwa, na juu ya ukurasa wake wa kwanza kaandika kwa kalamu nyekundu: "hii hapana."

Kamati ya uhariri imegawanyika. Wapo wanaosema tuchape vyote kama vilivyo, makosa na michoro ya pembeni, ndiyo heshima. Wapo wanaosema tunyooshe, tuchague miisho, tutoe kitabu kizuri kitakachompa jina. "Maiti haulizwi sanda," alisema mmoja wao, na watu wakacheka. Na wapo wanaosema tuyafunge tuyarudishe, tusije tukajitia dhambini.

Ninawapinga wote watatu, na naomba tusinuniane. Kwa wa kwanza nasema: kuchapa kila doa ni kumsifu mtu kwa kazi ya mchwa. Mkono wake ukitetemeka kwa homa, huo si mtindo. Kwa wa pili: ni kweli maiti haulizwi sanda, lakini anayeikata anajulikana, na nguo imetoka duka gani inajulikana. Sijasikia matanga ambako mtu alikata sanda akadai marehemu kaikata mwenyewe. Kwa wa tatu: kurudisha madaftari bila kuyapitia ni kuamua kwamba yote ni ukimya wa Maier, wakati wenyewe mnaona kwamba humo ndani mna zaidi ya aina moja.

Zile mbili alizotusomea ni mikanda iliyoburutwa juu ya barafu. Zina anwani, na anwani ni sisi. Tuzichape, na mahali alipokubali maoni tufuate alivyokubali. Zile tatu kaziahirisha. Tuzichape na miisho yote miwili, mmoja baada ya mwingine, na tusimwambie msomaji upi ni bora. Mtu aliyekuwa bado anachagua aonekane akichagua.

Imebaki ile ya sita, na hapa ndipo penye maumivu. Nimeisoma mara tatu. Naona ndiyo bora kuliko zote, bora kuliko chochote tulichochapa katika jarida hili. Inahusu mama anayeuza kitanda cha ndoa yake, kipande kwa kipande, na hakuna mtu katika hadithi nzima anayetaja fedha. Jarida letu lingesifiwa. Yeye angesifiwa. Na nasema tusiichape.

Mtaniletea Kafka, najua. Mtasema alimwagiza rafiki yake Max Brod achome karatasi zake, Brod akakataa, na dunia ikapata riwaya ya *Der Prozess* mwaka 1925. Ni kweli. Lakini someni habari yote. Brod hakuficha agizo lile. Alilichapisha yeye mwenyewe, watu wakajua kavunja nini. Tena alieleza kwamba alimwambia Kafka usoni, wakati wa uhai wake, kwamba asingetekeleza jambo hilo. Kafka alijua anamwachia nani. Sisi hatukumwambia mwenzetu chochote. Hatukujua hata kama hadithi ipo. Maier naye hakusema hapana. Alinyamaza, na mtu aliyenyamaza unaweza kumkisia. Mwenzetu hakunyamaza. Kaandika maneno mawili, kwa wino mwekundu, mahali ambapo asingeweza kukosa kuyaona yeyote atakayefungua.

Mtasema labda alimaanisha "hii hapana, si kwa toleo hili," au "hapana, mpaka mama afe." Labda. Hayo ni makisio ya mtu anayetaka picha itoke, na tumekwisha kuona ukungu unavyoweza kuchukua sura. Hadithi ile irudi kwa dada yake, ndani ya daftari lake, na yeye ndiye aamue. Yeye alimjua katika nyumba ambayo kitanda hicho kilikuwamo.

Wapo wanaosema kuosha picha badala ya kusafisha. Neno hilo kwetu lina uzito mwingine. Anayeosha maiti ana adabu zake: hafunui zaidi ya inavyolazimu, na aliyoyaona chini ya shuka hayapeleki barazani. Hata hivyo mtaa mzima unajua nani kaosha. Nataka wahariri tuwe na adabu hizo zote mbili, kufunika na kujulikana. Wahenga walisema muosha huoshwa, nasi sote tuna daftari chini ya godoro.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni hili. Kitabu kiwe na hadithi tano. Ukurasa wa kwanza uwe na jina lake peke yake, kama familia itaridhia. Ukurasa wa mwisho uwe na majina yetu, kwa herufi zinazosomeka: nani alinakili, nani alibadilisha nukta na mkato, neno gani halikusomeka na tukakisia nini. Hadithi ya sita itajwe kwamba ipo na kwamba mwenyewe aliikataa, basi, isielezwe zaidi ya nilivyoieleza hapa. Madaftari yako kwa katibu. Kila mjumbe ayapitie yote manne kabla ya Jumamosi, tusije tukapiga kura juu ya kitu ambacho hatujakisoma.